Kabla hamjaifuta simu ya marehemu baba

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wako wa tanzia na kumbukumbu husema karibu mambo yaleyale kila toleo: nguzo imeanguka, pengo halizibiki, ucheshi wako tunaukosa, wajukuu wanakulilia. Sibezi uchungu uliomo. Lakini mjukuu aliyezaliwa baada ya msiba, akija kulisoma tangazo hilo akiwa na miaka ishirini, hatajua babu yake alifanya kazi gani, sauti yake ilikuwaje, wala yule mtu aliyesimama kando yake pichani ni nani. Sisi tunaoshughulika na picha na nyaraka za familia tunaona kila siku kwamba vitu hivi havipotei kwa kukosa mapenzi. Wanaovipoteza ni watu wenye mapenzi tele, ambao katika wiki za mwanzo hufanya usafi, hugawana, hutengeneza fremu, na kila kazi huondoka na kitu. Naomba nafasi nieleze ni wapi hasa panapoharibika.

Simu ndiyo inayotangulia. Msiba ukipoa, mmoja huichukua simu ya marehemu akaipeleka kwa fundi iflashiwe ili kijana wa nyumbani aitumie. Hapo zimekwenda jumbe za sauti za miaka kadhaa, picha ambazo hakumtumia mtu, na majina ya marafiki zake wa zamani ambao wangeweza kusimulia ujana wake. Simu hiyo isiguswe. Akabidhiwe mtu mmoja anayeaminika, aichaji mara kwa mara, na laini iwekwe salio na itumiwe mojamoja isije ikafungwa, kwa kuwa kampuni za simu huzima laini iliyolala na baadaye namba hupewa mteja mwingine. Namba ndiyo inayopokea misimbo ya kuingilia akaunti zake nyingine. Ikishakwenda, zote zinafungwa kwa pamoja. (Kama imeunganishwa na fedha, hayo ni ya msimamizi wa mirathi, si ya mjukuu mjanja wa simu.)

Kama namba ya siri haijulikani, msibahatishe. PIN ya laini ikikosewa mara tatu hudai PUK, ile namba ndefu ya kufungulia laini iliyojifunga, na PUK ikikosewa mara kumi laini imekufa kabisa. Ziko pia simu zilizowekwa zijifute zenyewe baada ya makosa kumi. Ulizeni kwanza, maana mara nyingi mjane anaijua, au imeandikwa nyuma ya daftari la namba.

Ikifunguka, anzeni na WhatsApp, kwa sababu akaunti iliyolala kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa. Kila gumzo lenye thamani lihamishwe pamoja na viambatisho vyake, kisha folda nzima ya picha na ya jumbe za sauti inakiliwe kwa waya hadi kwenye kompyuta. Kuzisambaza kwenye kundi la familia hakutoshi. Sauti itafika, lakini tarehe na jina la aliyekuwa akiambiwa havitafika, na baada ya miaka mitano hakuna atakayejua "wewe, njoo uchukue mzigo wako" aliambiwa nani. Picha nazo zikipitia humo hupunguzwa ukubwa. Zitumwe kama hati, si kama picha. Na faili la sauti libaki katika umbo lake la asili hata kama mtatengeneza MP3 za kusikiliza.

Jambo ambalo familia nyingi hazilioni ni kwamba sauti ya babu iliyo nyingi zaidi haimo kwenye simu yake. Imo kwenye simu za watoto na wajukuu aliowatumia. Kila mmoja akague yake kabla hajabadili simu, na asisubiri kuambiwa.

Akaunti za mtandaoni zina saa zake. Google inaweza kufuta akaunti isiyotumiwa kwa miaka miwili, na picha zilizohifadhiwa humo zikaondoka nayo. Facebook hukubali ukurasa wa marehemu ugeuzwe wa kumbukumbu, lakini mkiomba hivyo kabla ya kuzinakili picha, hakuna tena atakayeingia hata kwa nenosiri sahihi. Nakili kwanza, omba baadaye. Google, Facebook na Apple zote zina sehemu ambapo mtu humteua mapema atakayeshughulikia akaunti yake. Hiyo ni kazi ya dakika kumi, ila lazima baba aifanye mwenyewe angali hai.

Neno moja la adabu: kunakili si kusoma. Anayefanya kazi hii afungue kinachohitajika kufunguliwa, vingine avifunge. Marehemu naye alikuwa mtu mzima mwenye mambo yake.

Sasa picha za karatasi, ambako uharibifu ni mwingi kwa sababu unafanywa kwa nia njema. Kazi yenye thamani kuliko zote haihitaji mashine yoyote, ni kuandika majina. Picha ilazwe kifudifudi juu ya meza ngumu na safi, na nyuma, ukingoni, kuandikwe polepole kwa penseli laini ya 2B au 4B. Kalamu ya wino ya kawaida hukandamiza karatasi hadi mistari ionekane usoni mwa picha, na wino wake hupenya au huhamia kwenye picha iliyo juu yake. Picha za rangi zenye mgongo mtelezo hazishiki penseli. Hizo zitiwe kila moja kwenye bahasha ya karatasi, na bahasha iandikwe kabla picha haijaingia. Andikeni waliomo kutoka kushoto kwenda kulia, mstari wa nyuma kwanza, majina kamili, si "Baba" wala "Shangazi", maana baba wa leo ni babu wa kesho na shangazi si mmoja; kisha mahali, mwaka, au "kati ya 1968 na 1972" kama ndivyo mnavyojua, na mwisho jina la aliyewaambia na tarehe aliyosema. Hilo la mwisho watu hulidharau. Ndilo litakaloamua ugomvi siku shangazi na mjomba watakapotaja majina mawili kwa sura moja.

Albamu za kunata, zile zenye kurasa za gundi na plastiki juu yake, ni adui aliyevaa nguo nzuri. Gundi hugeuka njano na kuila picha kwa nyuma. Msizing'oe kwa kucha. Chukueni uzi wa kusafishia meno usio na nta wala ladha, upitisheni chini ya kona moja, kisha uvuteni huku na huku kama msumeno, taratibu, hadi kona ya pili huku picha ikibaki bapa. Ikikataa, acheni; ukurasa mzima uskaniwe kama ulivyo. Vivyo hivyo kwa picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu: ukiivuta, uso unabaki kiooni. Iskaniwe kupitia kioo. Selotepu isitumike kuunga mpasuko, na laminesheni isifanywe kwa picha wala cheti chochote cha asili, kwa kuwa joto na gundi yake havitoki tena.

Anzeni na picha za rangi. Picha za nyeusi na nyeupe zilizooshwa vizuri hukaa sana kwa kuwa sura yake imejengwa na chembe za fedha. Za rangi, hasa za miaka ya 1970, zimejengwa kwa rangi tatu za kemikali, na ile ya samawati-kijani ndiyo iliyokuwa dhaifu hata ikiwa gizani. Ndiyo maana sanduku likifunguliwa watu wote wamekuwa wekundu. Haikosi kuendelea mnapoahirisha.

Kwa kuskani, picha za ukubwa wa kawaida ziwekwe nukta 600 kwa inchi, ile skana inayoiandika dpi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 hutoa hapo takriban pikseli 2400 kwa 3600, na faili la TIFF, aina ya faili la picha isiyopunguza ubora, la karibu megabaiti 26. Picha ya pasipoti ipewe 1200, kwa sababu mara nyingi ndiyo picha pekee ya ujanani na kila mtu atataka kuikuza. Ya milimita 35 kwa 45 ikiskaniwa hivyo inatoka pikseli kama 1650 kwa 2125, ambazo huchapika vizuri hadi sentimita 14 kwa 18. Ukilazimisha A3, utapata ukungu wenye masharubu. Zimeni marekebisho yote ya skana ya kung'arisha na kuondoa mikwaruzo, na hata picha za nyeusi na nyeupe ziskaniwe kwa rangi, maana madoa na maandishi yaliyofifia husomeka zaidi. Dawa ya kusafishia inyunyiziwe kitambaa, kamwe isinyunyiziwe kioo cha skana. Kama hakuna skana, simu inafaa: picha nje ya fremu, karibu na dirisha lisilo na jua la moja kwa moja, bila taa ya flashi, simu ikiwa sambamba kabisa na picha na imesogezwa nyuma kidogo kisha ikakuzwa mara mbili, ili kingo zisipinde.

Jina la faili lianze na mwaka, mfano 1974-kazini-karakana-003. Mpangilio wa miaka utajitengeneza wenyewe kwenye kompyuta yoyote. Nyuma ya picha nako kuskaniwe ikiwa kuna maandishi au muhuri wa studio.

Kuna mtindo mpya wa kuziingiza picha hizi kwenye programu za akili unde "zirekebishwe". Programu hizo hazisafishi uso, huubuni. Zinaweka meno ambayo hayakuwa yake, zinanyoosha pua, zinafuta kovu ambalo ndilo watoto walilomtambulia. Anayetaka atengeneze, lakini faili liandikwe wazi kuwa limerekebishwa na la asili lisifutwe. Kadhalika picha ya kundi isikatwe kwa mkasi ili kupata uso wa kuweka kwenye fremu. Wale mnaowakata ndio watakaowaeleza alikuwa nani.

Kaseti. Kama ipo hata moja yenye sauti yake, kwanza vunjeni vibati viwili vya plastiki mgongoni, ili asitokee mtu akarekodi juu yake. Msiitie kwenye redio iliyokaa stoo miaka mingi kabla ya kuijaribu kwa kaseti isiyo na thamani. Kichwa cha redio kisafishwe kwa pamba yenye spiriti na kiachwe kikauke. Kaseti iviringishwe mbele hadi mwisho na kurudishwa mara moja kabla ya kuchezwa, tabaka zilizogandana ziachane. Ikitoa sauti ya mbali yenye kupotea, tazameni kile kipande kidogo cha sufi katikati ya mdomo wake. Mara nyingi kimebanduka. Kaseti iliyofungwa kwa skrubu hufunguliwa na magurudumu yake yakahamishiwa ndani ya kasha zima. Zile za C120, yaani za dakika 120, zina utepe mwembamba sana na husokoteka upesi, kwa hiyo zinakiliwe mara ya kwanza zinapocheza, kwa waya kutoka tundu la spika za masikioni hadi kwenye kompyuta, si kwa kuweka simu mbele ya redio. Hifadhini kwa WAV, aina ya faili la sauti isiyopunguza ubora. Saa moja ya sauti ya pande mbili (stereo) kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24 hula kama gigabaiti moja, na leo hiyo si nafasi kubwa.

Karatasi zake nitazipitia upesi. Ondoeni pini za stepla na vibanio, vinashika kutu. Risiti na karatasi za mashine za joto hufifia zenyewe hadi zikawa tupu, fotokopi ifanywe mara moja. Barua na daftari zikae bapa ndani ya bahasha, nje ya mfuko wa plastiki usiopumua, mbali na sakafu, dari na ukuta unaovuja. Unyevu wa hewa wa chini ya asilimia 50 ndio unaofaa, na ukungu hupenda pale panapozidi asilimia 65. Mwandiko wake wajukuu watautaka, ila saini yake isisambazwe mtandaoni wakati mirathi haijafungwa. Na kipande cha gazeti, Mhariri utanisamehe, kisibandikwe pamoja na picha. Karatasi ya magazeti haikutengenezwa idumu: ina asidi, hugeuka njano, na huambukiza inachogusana nacho. Familia iliyotangaza kwako inunue nakala mbili, itoe fotokopi kwenye karatasi nzuri, na iombe faili la ukurasa ule.

Vitu vyote hivi ni bubu bila wazee. Wadogo zake, mjane, na watu aliofanya nao kazi wahojiwe mapema, na wasihojiwe kwa "tueleze kuhusu baba", kwani swali hilo huzaa wasifu wa mazishini: alikuwa mpole, alikuwa mkarimu. Mpeni mzee picha mkononi. Muulizeni alichokuwa akifanya marehemu: aliamka saa ngapi siku ya kazi, alikwenda kwa miguu au kwa usafiri gani, mshahara wa kwanza aliununulia kitu gani, alikasirishwa na nini, aliimba akiwa wapi. Dakika 45 zinatosha kwa kikao kimoja. Simu ya kurekodia iwekwe kwenye hali ya ndegeni, isikatizwe na wapigaji, iwe kama sentimita 30 kutoka mdomoni juu ya kitambaa kilichokunjwa, si juu ya meza tupu inayodunda, na feni na redio zizimwe. Mwanzoni itajwe tarehe, mahali na majina ya waliopo. Mzee akinyamaza, nyamazeni naye. Kinachofuata kimya hicho mara nyingi ndicho mlichokijia. Masimulizi mawili yakipingana, hifadhini yote mawili yakiwa na majina ya wasemaji. Msiyapatanishe.

Nirudi kwenye maandishi ya msibani, ambako kosa dogo hugeuka historia. Wasifu huandikwa usiku mmoja na mtu mmoja aliyechoka, kisha unachapwa kwenye kijitabu, na kuanzia hapo mwaka wake usio sahihi unanukuliwa na ukoo mzima. Rasimu isomwe na watu watatu: mjane au mtoto mkubwa, ndugu wa rika lake, na mwenzake wa kazi. Umri ukokotolewe kwa mwezi, si kwa mwaka peke yake. Aliyezaliwa Novemba 1941 akafariki Machi 2024 alikuwa na miaka 82, ingawa kutoa miaka kunaleta 83. Nyaraka zikitofautiana juu ya mwaka wa kuzaliwa, jambo la kawaida kwa wazee, andikeni "takriban". Majina ya watoto na wajukuu yahesabiwe kwa vidole mbele ya shahidi, kwa sababu aliyesahaulika kwenye wasifu hatasahau. Masuala ya ndoa na watoto wa nje yaamuliwe kabla ya kuchapa, si kwenye kipaza sauti.

Urefu? Msomaji mwenye majonzi husoma maneno kama 100 kwa dakika. Karatasi ya A4 yenye herufi za ukubwa wa 16 na nafasi ya mstari na nusu hubeba kama 200. Karatasi tatu ni dakika sita, na hapo panatosha. Ziandikwe upande mmoja, zipewe namba, zisibanwe pamoja, na awepo wa pili mwenye nakala atakayepokea sauti ya kwanza ikikatika. Sifa ziwe chache na kila moja ije na tukio lake. "Alikuwa mcheshi" haisemi kitu. Utani wenyewe, kwa maneno yake, unasema.

Kwa tangazo la gazetini, chagueni picha yenye mwanga usoni na tofauti kubwa ya weusi na weupe, kwa kuwa wino husambaa kwenye karatasi ya gazeti na vivuli vinakuwa doa. Upana wa sentimita 5 unadai angalau pikseli 600. Andikeni miaka, kazi na jina kama alivyolitamka yeye. Msiweke namba ya kitambulisho, tarehe kamili ya kuzaliwa, wala saa ambazo nyumba itakuwa tupu. Wezi nao husoma tanzia.

Kuhusu kuhifadhi, nakala ziwe tatu: mbili kwenye vyombo viwili tofauti, mfano kompyuta na diski ya nje, na ya tatu nje ya nyumba hiyo, kwa ndugu wa mji mwingine au mtandaoni. Flashi ni ya kubebea, si ya kutunzia. CD mlizochoma miaka ya mwanzo ya 2000 zinyonywe sasa. Mara moja kwa mwaka mtu afungue faili kadhaa na kuangalia kama zinafunguka. Na kuhusu vitu vyenyewe, wahenga walishasema mali bila daftari huisha bila habari: saa iko kwa nani, albamu iko kwa nani, kaseti iko wapi, vyote viandikwe, na wote wapewe nakala ya daftari hilo. Ugomvi mwingi wa albamu si wa kugombea picha, ni wa kutojua ziko wapi. Asili zikikaa kwa mtunzaji mmoja na kila nyumba ikapata nakala kamili, wengi hutulia.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Fomu yenu ya matangazo ya kumbukumbu ina nafasi ya jina, tarehe ya kifo na maneno ya familia. Ongezeni mistari minne: alifanya kazi gani na wapi, picha ilipigwa mwaka gani, nani wengine wamo pichani, na nani ndani ya familia anatunza kumbukumbu zake. Hata kama mistari hiyo haitachapwa, anayeijaza atalazimika kwenda kuuliza.

Wako msomaji,
Mtunza nyaraka za familia